Habari za Neno Fue, Kitenzi cha Kihispania chenye Maana Mbili

Mtu anayeanza kujifunza Kihispania huenda siku za kwanza kwa furaha. Huona ya kuwa vitenzi vimejipanga kama askari katika gwaride: hablar, kusema, habló, alisema, comer, kula, comió, alikula, vivir, kuishi, vivió, aliishi. Akijua kimoja, amejua mia. Walakini haupiti muda mrefu kabla hajakutana na neno dogo la herufi tatu lisilofuata gwaride hilo. Neno lenyewe ni fue. Akiuliza maana yake ataambiwa, "Fue ni alikuwa." Kesho yake atalisoma mahali pengine, naye ataambiwa, "Fue ni alikwenda." Hapo wengi huweka kitabu chini wakasema, "Lugha hii haina akili. Kuwa na kwenda vyawezaje kuwa neno moja?"

Swali hilo ni la haki, nasi tumeona vema kulijibu kwa njia ya historia. Sarufi hutuonyesha neno lilivyo leo, lakini haitwambii lilipitia wapi. Na neno hili limesafiri miaka zaidi ya elfu mbili katika vinywa vya askari, wakulima, watawa na wafalme.

Kwanza na tulitazame neno lenyewe. Kihispania kina kitenzi ser, maana yake kuwa, na kitenzi ir, maana yake kwenda. Katika wakati uliopo havifanani hata kidogo. Mtu husema soy maestro, mimi ni mwalimu. Tena husema voy a la escuela, naenda shuleni. Lakini jambo likiisha kupita, vitenzi hivi viwili huvaa vazi moja: fui, fuiste, fue, fuimos, fuisteis, fueron. Ndiyo kusema, nilikuwa au nilikwenda, ulikuwa au ulikwenda, alikuwa au alikwenda, na kuendelea hivyo hata mwisho. Hakuna herufi hata moja inayovitenga.

Sasa tuingie katika habari za kale. Nchi ya Hispania iko upande wa magharibi wa Ulaya, nayo si ngeni kwa msomaji wa Biblia, maana Mtume Paulo katika waraka wake kwa Warumi, sura ya 15, aliitaja kuwa nchi aliyotaraji kufika. Zamani zake Warumi walikuwa wamekwisha kukaa huko zaidi ya miaka 200. Majeshi yao yalitua pwani ya Hispania mwaka 218 kabla ya kuzaliwa Kristo, walipokuwa wakipigana na Karthago, mji mkubwa wa Afrika ya Kaskazini. Mwaka 206 jemadari wao Scipio aliweka askari wake waliojeruhiwa katika mji mpya ulioitwa Italica, karibu na Sevilla ya leo. Vita vya kuishika nchi nzima havikuisha hata mwaka 19 kabla ya Kristo, katika enzi ya Kaisari Augusto.

Wenyeji wa Hispania walikuwa na lugha zao nyingi. Lugha hizo zilikufa moja moja, isipokuwa ile ya Wabaski walioko katika milima ya kaskazini, nayo yasemwa hata leo. Wengine wote wakaingia katika Kilatini, lugha ya Warumi. Wakaijua vema hata mmoja wao, jina lake Quintilian, mzaliwa wa Calagurris katika Hispania, akawa mwalimu mashuhuri mjini Rumi, akilipwa mshahara na serikali ya Kaisari, akiwafundisha wana wa wenye nchi kusema lugha ya baba zao.

Walakini Kilatini walichojifunza watu wengi hakikuwa cha Quintilian. Kilikuwa Kilatini cha kambini, cha sokoni na cha shambani. Na hapo ndipo neno letu lilipopata maana yake ya pili.

Katika Kilatini, alikuwa ni fuit. Maumbo yake yote ni haya: fui, fuisti, fuit, fuimus, fuistis, fuerunt. Msomaji akiyalinganisha na yale ya Kihispania ataona ni watoto na mama yao, sura hazikupotea. Kwenda, kwa upande wake, kulikuwa ni ire, nacho kilikuwa kitenzi dhaifu kwa sababu ya ufupi wake. Anakwenda ni it. Alikwenda ni iit. Ebu mtu ajaribu kuyasema hayo mawili upesi katika kelele za soko, aone kama mnunuzi wa mbuzi atatambua kama mchungaji anakwenda au alikwisha kwenda! Neno likiwa fupi hata haliwezi kusikiwa, watu hutafuta jingine la kulisaidia. Ndivyo walivyofanya watu wa Hispania: walilichukua fuit, alikuwa, wakalipa kazi ya alikwenda.

Je, walifanya jambo la kipumbavu? Hata kidogo. Mtu wa kwetu akisema, "Jana nilikuwa sokoni," wamsikiao hawamwulizi kama alikwenda. Wajua alikwenda, maana hakuzaliwa sokoni wala hakushushwa pale na tai. Kuwa mahali ambapo si kwako ni ushahidi wa kwenda. Wahispania wa kale walisema nilikuwa sokoni wakiwa na nia ya kusema nilikwenda sokoni, wakasema hivyo mara elfu na elfu, baba akamrithisha mwana, hata ushahidi ukawa ndio neno lenyewe. Mambo haya hayakutokea mahali pote walipotawala Warumi. Waitalia husema fu kwa alikuwa, na andò kwa alikwenda; wamevitenga. Lakini Wahispania na jirani zao Wareno wameviunganisha mpaka leo.

Tena kitenzi hiki cha kwenda kimekusanya jamaa kutoka mbali. Jina lake ir limetoka katika ire ile ya zamani. Voy na va, yaani naenda na anaenda, yametoka katika kitenzi kingine cha Kilatini, vadere, nacho kilikuwa na maana ya kushika njia. Fue limetoka katika kitenzi cha kuwa. Ni kama nyumba iliyojengwa kwa mawe ya magofu matatu. Na ser nacho ni vivyo hivyo: baadhi ya sehemu zake zatoka katika esse, kuwa, na nyingine katika sedere, kuketi. Jambo hilo nalo lisitushangaze, maana hata sisi husema mtu anakaa Tanga, ingawa mchana kutwa yuko shambani wala hakuketi hata mara moja.

Hapa twataka kutaja habari moja inayotuhusu sana sisi walimu. Iko orodha ya kale iliyoandikwa na mwalimu mmoja wa Kilatini ambaye jina lake halikuhifadhiwa. Ndani yake mna masahihisho 227, nayo yote yameandikwa kwa namna moja: semeni hivi, msiseme hivi. Aliagiza kioo kiitwe speculum, kisiitwe speclum. Aliagiza sikio liitwe auris, lisiitwe oricla. Twaweza kumwona mwalimu yule akiugua kwa uchovu. Basi, maneno yale aliyoyakataza yalikuwaje? Speclum limekuwa espejo, neno la kioo katika Kihispania cha leo. Oricla limekuwa oreja, neno la sikio. Wanafunzi waliosahihishwa ndio walioacha warithi. Hatusemi ya kuwa mwalimu yule alifanya vibaya. Kazi ya mwalimu ni kufundisha lugha iliyo sahihi katika zamani zake, ili watu wapate kuandikiana na kuelewana. Lakini kumcheka mtoto na kumwita mjinga kwa sababu ya usemi wa nyumbani kwao si sehemu ya kazi hiyo. Usemi wa nyumbani una mizizi, nao huenda ukaishi kuliko kitabu.

Dola ya Rumi ilipoanguka, Wavisigothi, kabila la Kijerumani cha kale, waliitawala Hispania. Kisha mwaka 711 jeshi la Waislamu, Waarabu na Waberberi, likavuka bahari kutoka Afrika ya Kaskazini chini ya jemadari Tariq bin Ziyad. Utawala wa Waislamu ulikaa katika sehemu za nchi ile hata mwaka 1492, ulipotekwa mji wa Granada. Katika muda huo maneno ya Kiarabu yaliingia katika Kihispania kwa wingi, na baadhi yake ni ndugu za maneno tunayoyasema sisi kila siku. Mhispania akitaka kumtaja mtu bila kumpa jina husema fulano. Sisi husema fulani. Yeye husema hasta, nasi husema hata. Yeye husema azúcar, nasi husema sukari. Kiongozi wa mji kwake ni alcalde, nalo ni neno lile lile tunaloliita kadhi. Maneno haya yalitoka katika kisima kimoja, mengine yakaenda magharibi hata Hispania, mengine yakaja kusini hata pwani yetu.

Lakini fue halikuguswa. Wageni walileta majina ya vyakula, vyombo, vyeo na kazi za mikono. Kuwa na kwenda vikabaki vya mama. Maana maneno kama hayo mtoto huyashika kabla hajajua kufunga ukanda, wala hangoji mgeni amfundishe.

Yapata miaka elfu moja iliyopita, katika nyumba ya watawa ya San Millán, mtu mmoja alikuwa akisoma kitabu cha Kilatini. Penye neno gumu aliandika pembeni, kwa herufi ndogo, maana yake katika usemi wa watu wa huko. Maandiko hayo yangaliko. Ni mambo madogo, kama vile mwanafunzi wetu anavyoandika Kiswahili juu ya neno la kitabu chake. Walakini yatuonyesha ya kuwa siku zile Kilatini kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya kujifunza, na usemi uliodharauliwa umeanza kujiandika wenyewe. Baadaye Mfalme Alfonso wa Kumi, aliyetawala Castilla tangu 1252 hata 1284, aliagiza sheria, tarehe na elimu ya nyota ziandikwe katika usemi huo. Neno la kambini likaingia katika baraza la mfalme.

Mwaka 1492 mwalimu mmoja, Antonio de Nebrija, alipiga chapa mjini Salamanca kitabu cha sarufi ya lugha ya Castilla. Sarufi zilizosomwa shuleni siku zile zilikuwa za Kilatini. Nebrija mwenyewe ametwambia katika dibaji ya kuwa alipomwonyesha Malkia Isabel kazi hiyo kabla haijachapwa, malkia alimwuliza itafaa nini. Swali lake si la ajabu: kwa nini mtu ajifunze kwa kitabu lugha aliyonyonya kwa mama yake? Askofu wa Ávila ndiye aliyejibu. Alisema ya kwamba malkia akiisha kutiisha mataifa ya lugha nyingine, mataifa hayo yatahitaji kujifunza lugha ya mtawala wao. Na Nebrija katika dibaji iyo hiyo alishuhudia ya kuwa lugha ilikuwa sikuzote mwenzi wa dola. Na kitenzi alichokitumia kwa ilikuwa ni hiki hiki fue.

Twaweza kuliona neno hilo la Nebrija kuwa kweli, tena kuwa pungufu. Ni kweli kwa sababu mwaka ule ule Christopher Columbus alivuka bahari kwa ajili ya malkia huyo, na lugha ikamfuata; leo Kihispania ni lugha ya serikali katika nchi 20, na mojawapo ni ya Afrika, Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru mwaka 1968. Watoto wa Malabo na Bata hujifunza fue kama watoto wa Madrid. Lakini ni pungufu kwa sababu dola huanguka na lugha hubaki. Dola ya Rumi imetoweka, na fuit yake yaishi. Dola ya Hispania katika Amerika nayo imetoweka, na fue lasemwa huko na watu wengi kuliko walioko Hispania. Dola ilikuwa mwenzi wa lugha kwa sehemu ya safari tu.

Ndugu wa fue, yaani foi ya Kireno, ilifika hata pwani yetu. Wareno walifika Mombasa mwaka 1498, na mwaka 1593 wakaanza kujenga ile ngome iitwayo Fort Jesus. Siku hizo mfalme wa Hispania, Philip wa Pili, ndiye aliyekuwa mfalme wa Ureno pia. Ndani ya kuta zile askari waliulizana nani alikuwa zamu na nani alikwenda kisimani, kwa neno moja, foi. Walikaa mpaka mwaka 1698, walipotolewa na Waarabu wa Omani. Wametuachia nini katika Kiswahili? Meza, bendera, mvinyo, gereza: majina ya vitu. Kitenzi chao cha kuwa na kwenda walikwenda nacho.

Basi, msomaji asije akasema kwamba Kiswahili hakina mambo ya ajabu kama hayo. Mgeni anayejifunza lugha yetu hufurahi vivyo hivyo siku za kwanza: soma, alisoma, lima, alilima, imba, aliimba. Kisha hukutana na la, ja, nywa na wa, naye huona ya kuwa hatusemi alila wala alija, twasema alikula, alikuja, alikunywa, alikuwa. Ile ku imetoka wapi? Imebaki kwa kuwa vitenzi hivyo ni vifupi mno, havina nguvu ya kusimama peke yake baada ya ali. Vyahitaji fimbo ya kuegemea. Ugonjwa ni ule ule ulioipata ire ya Kilatini, ijapokuwa dawa ni nyingine. Tena humwambia mtoto soma! lima! imba! lakini hatumwambii ja! wala enda! bali njoo! na nenda! Na mtu husema mimi ni mwalimu, ila akiisha kustaafu husema nilikuwa mwalimu. Ni na kuwa havifanani kwa lolote, kama vile soy na fui. Sisi hatuoni ajabu, kwa sababu tulizaliwa ndani yake.

Kwa nini mambo hayo huangukia sikuzote vitenzi vya kuwa, kwenda, kuja na kula? Sababu yake ni matumizi. Kitenzi kinachotumiwa mara chache, mtoto hukisahau, naye akikihitaji hukiunda upya kwa kanuni; hivyo hunyooka. Kitenzi kinachotumiwa kila saa hakina nafasi ya kusahauliwa. Hushikwa kama kilivyo, pamoja na makovu yake. Njia ikanyagwayo sana ndiyo ioneshayo nyayo za waliotangulia.

Imebaki kueleza jinsi mwanafunzi awezavyo kutambua maana ya fue anapolikuta. Alitazame jirani yake. Likifuatwa na a na mahali pa kufikia, ni kwenda: Juan fue a Toledo, Juan alikwenda Toledo. Likifuatwa na jina la kazi au na sifa, ni kuwa: Juan fue maestro, Juan alikuwa mwalimu. Likitanguliwa na se, ni kuondoka: Juan se fue, Juan alikwenda zake. Likifuatwa na kitenzi cha kutendwa, hushuhudia jambo lililotendwa: la casa fue construida, nyumba ilijengwa.

Tena ajue ya kuwa fue hufunga jambo. Mhispania akisema Juan era maestro, amefungua mlango, nawe wangoja habari zaidi: alikuwa mwalimu wakati ule, ndipo likatokea jambo fulani. Akisema Juan fue maestro, ameyatazama maisha yale yote ya ualimu kama jambo moja lililokwisha, naye ameufunga mlango.

Mahali pamoja tu hata jirani hasaidii. Mtu akiuliza, ¿Quién fue? aweza kuwa amesema ni nani aliyefanya, au ni nani aliyekwenda. Kama kioo cha dirisha kimevunjika, na mwalimu amesimama mbele ya watoto, maana ni ya kwanza. Kama kulikuwa na arusi jana, na majirani wamekaa barazani wakiongea, maana ni ya pili. Hapo sarufi hunyamaza. Msikilizaji hana budi kujua amekaa na nani, na ni nini kilichotokea.

Ndiyo maana twawashauri wanaojifunza lugha yo yote, wawe vijana wa shule au watu wazima wanaosoma jioni kwa taa, wasiyachukie maneno yasiyofuata kanuni, wala wasiyaache mwisho. Wayashike kwanza, wayaseme kwa sauti katika sentensi nzima pamoja na jirani zake, hata ulimi uyazoee. Kanuni zitawapa maneno elfu wanayoyahitaji mara moja kwa mwaka. Haya machache watayahitaji kabla ya chai ya asubuhi.